B+ au C+: moduli ipi ya GPON kwenye OLT yako?

GPON ni mtandao wa faiba unaogawa laini moja kwa wateja wengi; OLT ni mashine ya mtoa huduma inayourusha, na B+ na C+ ni moduli za mwanga zinazochomekwa humo. Moduli hizi zinafanana kwa umbo, na zote zinatuma mwanga wa nanomita 1490 na kupokea wa 1310. Tofauti iko kwenye nguvu: B+ inavumilia upotevu wa mwanga wa desibeli 28 kati ya OLT na nyumba ya mteja, C+ inafika 32.

Piga hesabu kabla ya kununua. Splita ya 1:32, yaani kigawa mwanga cha njia 32, inakula takriban desibeli 17. Kilomita 20 za faiba zinakula 7 hivi, na konekta pamoja na maungio tuseme 2. Jumla 26, B+ inatosha. Weka splita ya 1:64 mahali pale pale, inayokula kama 20.5, na unavuka 29. Hapo B+ imeshindwa. Ni C+ tu, na usahihishaji wa makosa uwe umewashwa kwenye mtandao, maana uvumilivu wake wa ziada unautegemea.

Kuna mafundi wanaochukua C+ kila mahali wakidhani nguvu zaidi ni usalama. Sikubaliani nao. C+ inataka upotevu usiopungua desibeli 17, B+ 13. Kwa mteja wa karibu mwenye splita ndogo ya 1:4, mwanga unaweza kufika na nguvu ya 0 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), wakati kipokezi cha mteja kinavumilia hadi -8 tu, ambayo ni nguvu ndogo kuliko 0. Kinazidiwa, na intaneti haishiki.

Mimi ningeanza na B+. Laini ikionekana dhaifu, safisha konekta kwanza, upime tena.