Uzoefu wangu: nilifuata vibao vya buluu London, nikanasa kwenye vigae

Nilijiandikisha matembezi ya kuongozwa ya muda wa saa tatu, kufuata vile vibao vya buluu vya mviringo vinavyobandikwa kwenye nyumba walizoishi watu mashuhuri. Kampuni siitaji. Mwongozaji anaijua historia barabara, ila anatembea kama anawahi treni.

Tulianzia Brook Street. Namba 25 aliishi Handel, mtunzi wa muziki, kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1759. Namba 23, ukuta kwa ukuta, Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa roki, alipanga mwaka 1968. Mzee mmoja kundini akauliza: wangeishi wakati mmoja, nani angemgongea mwenzake ukuta apunguze kelele? Soho Square tukaona kibao cha Mary Seacole, Mjamaika aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, kisha akasahauliwa miaka mingi baada ya kufa 1881.

Hapo ndipo nilipoelewa masharti ya kubandikiwa kibao. Mtu awe amefariki si chini ya miaka 20, na jengo liwe bado limesimama. Hata kibao cha kwanza kabisa, cha mshairi Byron mwaka 1867, kilipoteza nyumba yake ilipobomolewa 1889. Sasa aliyekuwa kibarua, akalala chumba cha kupanga kwenye jengo ambalo leo halipo, kibao chake kibandikwe wapi?

Jibu lilikuwa kituo cha mwisho, Postman's Park, bustani ndogo karibu na kanisa la St Paul's. Jina limetokana na wafanyakazi wa Posta waliokuwa wakija kupumzika hapo mchana. Mchoraji G. F. Watts alipendekeza mwaka 1887 kwamba jubilii ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria iadhimishwe kwa kuwakumbuka watu wa kawaida waliokufa wakiwaokoa wengine. Hakuna aliyemjali, akajenga kumbukumbu hiyo mwenyewe, na mwaka 1900 ikafunguliwa: ukuta wenye paa la mbao, umebandikwa vigae vyenye maandishi.

Maandishi ya vigae hivyo ni mafupi mno, na ufupi ndio unaoumiza. Alice Ayres, binti wa kibarua wa waashi, aliwatoa watoto watatu kwenye nyumba inayoungua mwaka 1885, yeye akafa. Thomas Griffin alirudi kumtafuta mwenzake baada ya boila kulipuka kiwandani Battersea, 1899. Solomon Galaman, miaka 11, alimwokoa mdogo wake asigongwe barabarani, yeye akafa. Nilisoma cha Solomon mara tatu, na niliponyanyua kichwa kundi lilikuwa limeshafika getini.

Bustanini tulipewa dakika kumi tu! Brook Street tulipewa karibu saa nzima, mwongozaji akisimulia hadi mambo ya gitaa. Nilipolalamika akanijibu kwa upole kwamba wateja wengi hulipia majina wanayoyajua. Huenda ni kweli, lakini tangazo lao lilitaja "waliosahaulika", na hilo ndilo lililonivuta.

Nyota tatu kati ya tano. Sehemu ya mwanzo inafaa kulipiwa. Bustanini nendeni wenyewe. Hakuna kiingilio, na chini ya lile paa kuna mabenchi. Mimi nilirudi kesho yake nikasoma vyote 54, kikiwemo cha mwaka 2009. Ukuta ulipangiwa vigae 120.