Sindano tano za mianzi na glavu za shangazi: uzoefu wangu

Ukiwaambia watu wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, kwamba unafuma glavu, wanakuangalia mara mbili. Jasho linatutoka hata usiku, glavu za nini? Ni za shangazi yangu wa Lushoto. Anauza karoti na kabichi sokoni, na kule juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai mikono inakufa ganzi. Za dukani zenye vidole vyote alishazikataa. "Mwanangu, na hizi nitahesabuje chenji?" Simu nayo haibonyezeki. Basi akataka za vidole wazi.

Nilinunua Ngamiani seti ya sindano tano fupi za mianzi, milimita 3.5, zenye ncha pande zote mbili, kwa shilingi 8,000. Pamoja nazo nikachukua madonge mawili ya uzi wa akriliki, gramu 50 kila moja.

Sindano ndizo zilizonifurahisha. Wengi wetu tumekulia kwenye kroshia, na nyumba gani haina vitambaa vya makochi? Kufuma kwa mzunguko ni habari nyingine. Unaanzisha vitanzi 40, unavigawa kumikumi kwenye sindano nne, ya tano ndiyo inayofanya kazi. Unazunguka tu. Hakuna kugeuza kazi, wala mshono wa kuunganisha pembeni mwishoni. Nina seti ya zamani ya alumini, na hizo zinateleza mno: ukinyanyuka kufungua mlango, moja imeshachomoka, iko sakafuni, na vitanzi kumi vinaning'inia. Mianzi inaushika uzi. Ni nyepesi pia, vidole havichoki. Kasoro yake ni kwamba kiganja kikilowa jasho uzi unagoma kupita, kwa hiyo mchana wa Tanga sijishughulishi nazo. Nangoja jioni, nikae barazani kwenye upepo.

Jambo moja la kuangalia ni pale sindano mbili zinapokutana. Uzi ukilegea hapo, inajitokeza ngazi ya matundu kutoka chini hadi juu. Dawa yake ni kukaza kitanzi cha kwanza na cha pili kila unapohamia sindano mpya.

Kifundo cha mkono nilikifuma vitanzi viwili vya mbele (vya kawaida), viwili vya nyuma (vilivyogeuzwa), kama kiunoni mwa sweta, sentimita 6 hivi ili ibane. Baada ya hapo ni vitanzi vya mbele tupu, mpaka ufike kwenye kidole gumba, na hapo ndipo glavu nzuri inapojulikana. Zile za mkato wanafuma kitambaa bapa, wanashona ubavuni na kuacha tundu kidole kipite. Zinavalika, ila mkono ukifumba kushika kisu au mfuko, kitambaa chote kinavutwa upande mmoja na tundu linapanuka. Mimi nilijenga kabari, kipande cha pembetatu kinachokipa kidole gumba nafasi: unaongeza vitanzi viwili kila mzunguko wa tatu, kimoja kila upande, mpaka viwe 12 vya ziada. Hivyo 12 unavihamishia kwenye kipande cha uzi wa rangi nyingine, vikusubiri, nawe unaendelea na kiganja hadi karibu na vifundo vya vidole. Ukirudi kuvichukua, okota na vingine viwili au vitatu pale kwenye pembe, vinginevyo panabaki kitundu ambacho baridi itapita humo humo. Mwisho wa juu funga vitanzi kwa ulegevu. Ukikaza, glavu itakata damu.

Sasa uzi. Hapa sina sifa nyingi. Madonge yalitolewa kwenye gunia bila karatasi zake, na karatasi ndiyo yenye namba ya rangi, inayoonyesha uzi ulichovywa pamoja au la. Gizani dukani yote yalikuwa bluu moja. Juani, glavu ya kushoto ina mstari juu ya kidole gumba ambapo donge la pili linaanza, bluu iliyokolea zaidi. Muuzaji alisema haionekani tofauti. Mwenye macho anaiona.

Akriliki yenyewe siilaumu kwa kazi hii. Inafuliwa kwa sabuni yoyote, hairudi kama sufu inavyorudi kwenye maji ya moto, nondo hawana hamu nayo, na soko la mboga ni tope na maji. Sufu ina joto zaidi hata ikiwa na unyevu, sikatai, lakini mjini kwetu si rahisi kuipata. Kinachonitia wasiwasi ni jiko la mkaa, maana shangazi huota moto alfajiri. Sufu ni ngumu kuwaka. Akriliki inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Nilimwambia azivue kabla ya kuota. Kaitikia "haya," kwa sauti ninayoijua.

Nilizituma kwa basi la Mombo, zikapanda mlima. Anazivaa na anasema hazimkwazi kwenye pesa. Ile tofauti ya rangi hajaitaja. Sindano ningezinunua tena bila kufikiri. Uzi wa duka lile, labda wakianza kuuza na karatasi zake. Jirani yake wa kibanda cha viazi naye ameagiza jozi, na kwa kuwa ana mkono mpana nitaanzisha vitanzi 48.