Picha za kale kwa fundi wa jirani na soko, Lindi: za ukutani safi, ya babu nusura tugombane

Nina mgahawa wa chai na maandazi hapa Lindi mjini, na kwa miaka ukuta wangu ulipambwa na kalenda za wauza simenti. Mwezi uliopita nikasema basi, natafuta picha za kutazamika. Nikaenda kwa kijana mmoja anayechapa picha za zamani na kuzitia fremu. Jina la duka silisemi, mkisoma mpaka chini mtaelewa.

Ya kwanza niliyochukua ni ile ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, 1964. Elfu kumi na nane pamoja na fremu. Karatasi haing'ai, kwa hiyo taa ya dukani haipigi kwenye picha. Hapo sina neno.

Ya pili ndiyo inayouza chai. Ni wapagazi wa Tendaguru, kile kilima cha huku kwetu Lindi, wamepanga mstari njiani, mizigo ya mifupa imefungwa kwenye miti, mabegani. Wajerumani walichimba kule kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, ikaja kwa miguu mpaka bandari yetu, mwendo wa siku kadhaa, ndipo ikapakiwa melini. Leo kasimamishwa Berlin, kimo chake kama mita 13. Wateja wangu hawamtazami mjusi, maana kwenye picha hayupo. Wanatazama miguu. Bodaboda mmoja kahesabu watu peku wote, akaniuliza, "Mama, hawa walilipwa ngapi?" Nikamwongezea chai.

Ila fundi aliandika chini yake "Wajerumani, Tendaguru, 1925". Mwaka huo Mjerumani yuko wapi hapa? Nchi ilishakuwa chini ya Mwingereza, na waliokuwa wakichimba Tendaguru ni Waingereza. Nikairudisha. Akacheka, akaandika upya bila kunidai senti.

Sasa ya tatu. Nilimpelekea picha ya marehemu babu, Mmakonde wa Newala, amesimama kando ya behewa kwenye ile reli ya Nachingwea ya mradi wa karanga wa Mwingereza, alikokuwa akipanga mataruma. Reli yenyewe ilifungwa 1962, na nyumbani kwetu ushahidi wake ni hiyo picha tu, ndogo kama kiganja, imekunjika katikati. Nikamwambia, "Mwanangu, nisafishie hii, uikuze." Sisi wa enzi za filamu, kusafisha picha ni kuichapa tu kwenye karatasi. Yeye akaelewa kusafisha kama kufua.

Siku ya tatu nikakuta babu anang'aa kama bwana harusi. Mkunjo umetoka, madoa yametoka, na nembo zake zimetoka! Mistari yote ya mashavuni na ya kwenye paji, aliyochanjwa utotoni, imefutwa, shavu laini kama la mtoto wa kunyonya. Nikamuuliza imekuwaje. "Shikamoo mama, nilidhani ni mikwaruzo ya picha. Nimehangaika nayo usiku kucha." Na kweli alihangaika, kazi ilikuwa nadhifu mno. Nikaibeba nyumbani hivyo hivyo kumwonyesha mama. Akaishika, akaisogeza dirishani, akauliza, "Huyu nani?"

Nikarudi kesho yake na hasira zangu zote. Kijana, nampa haki yake, hakubisha. Alikuwa ameihifadhi picha asilia kwenye kompyuta kama ilivyokuja. Tukakaa naye saa nzima, mimi kwenye stuli, namwonyesha kwa kidole: hili doa toa, huu mstari acha, huu nao acha, hapo ni babu hapo. Akafuta madoa ya maji pembeni na kuongeza weusi kidogo kwenye behewa. Mkunjo unaopita begani nikamwambia auache, ulikuwa unakaribia mno shavu na sikumwamini tena.

Kazi ya babu ilinigharimu elfu kumi na tano, na ile ya kwanza hakunitoza. Kwa picha za ukutani nendeni hata kesho. Ukiwa na ya mzee wako, kaa hapo hapo mpaka amalize, na ya asili usimwachie ilale dukani. Ijumaa hufunga saa sita, hurudi saa tisa.