Canon RF 100-400 kwa safari za Tsavo na Pwani: uzoefu wangu

Wanaojiandaa kwenda Tsavo kutoka hapa Mombasa huniuliza sana: lenzi ya milimita 400 inatosha, au nijikaze ninunue ya 600? Kwa msafiri nasema 400 inatosha. Yangu ni Canon RF 100-400, na naifunga kwenye kamera ya Canon R7. Sensa ya kamera hiyo, yaani kile kipande kinachopokea picha, ni ndogo kuliko ya fremu nzima (ile yenye ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35), kwa hivyo zumu ikifika mwisho naona kama anavyoona mwenye lenzi ya milimita 640 kwenye fremu nzima. Na lenzi yenyewe ina gramu 635 tu.

Uzani huo ndio ulioniamulia. Sony 200-600 nimewahi kuiazima, na picha zake ni kali kwelikweli, lakini inapita kilo mbili. Canon 100-500 nayo inakaribia kilo moja na nusu, na bei yake iko mbali kabisa na ya hii. Ukiwa ndani ya nisani ya dari la kunyanyuka, umebanana na abiria wengine, mikono iko juu, unamngoja simba aliyelala ainue kichwa, kilo mbili utazijua. Mkono ukichoka unatetemeka, au unashusha kamera, na simba huchagua wakati huohuo kuamka.

Halafu kuna ule upande wa 100, ambao wanunuzi wengi hawaufikirii. Kwenye Bwawa la Aruba, Tsavo Mashariki, ndovu hupita kando ya gari mpaka ukasikia masikio yakipiga. Lenzi inayoanzia 200 itakupa jicho na kipande cha mkonga. Mimi narudi 100 na kupata kichwa chote, pamoja na lile vumbi jekundu analojimwagia mgongoni.

Ukali wa picha haujaniangusha. Nina picha ya swala twiga dume amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo kaipenyeza kwenye mgunga, majani yako mdomoni. Niliipiga kwa 400, kasi ya shata sekunde 1/1000, asubuhi jua likiwa bado liko chini. Ukiikuza unaziona kope moja moja, na mwiba umemgusa pua. Siri kubwa hapo si lenzi. Ni kumwambia dereva, "Kaka, hebu zima injini kidogo," kisha kuilaza lenzi juu ya kimto kilichojazwa mchele. Kutuliza mtikisiko lenzi hii inajua, lakini gari linalonguruma hulishindi.

Udhaifu wake ni mwanga. Kwenye 400 tundu lake la kuingiza mwanga halifunguki zaidi ya f/8, ambayo ni ndogo, kwa hivyo alfajiri na magharibi ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inapanda hadi 6400 na picha inaanza chembechembe. Mbugani navumilia, na programu ya kusafisha inasaidia. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke ni taabu hasa: kile kibundi cha Sokoke hukaa kwenye kivuli kizito, na hapo ningetamani lenzi yenye uwazi mkubwa hata kama ni fupi. Pia haijazibwa dhidi ya vumbi na mvua. Naifunika leso gari likitembea, na sibadilishi lenzi nikiwa njiani.

Mida Creek, kule Watamu, nimeona uzuri na upungufu wa lenzi hii. Maji yakitoka, ndege wa matopeni hukaa mbali mno, na 400 huwaacha wadogo. Pale 600 ina haki yake, na kama hao ndio shauku yako, inunue. Lakini kwenye mikoko, lenzi hii hukaribia hadi sentimita 88 ukiwa kwenye 200, na kaa mwenye gando moja kubwa anajaa picha vizuri sana.

Kuna jambo ambalo hakuna milimita zinazolitibu: joto. Kuanzia saa nne asubuhi hewa ya Tsavo huchemka juu ya ardhi, na mnyama wa mbali anatoka kama yumo ndani ya maji. Lenzi ndefu huyakuza hayo mawimbi pamoja na mnyama. Msogelee kama barabara inaruhusu, au subiri jua lishuke. Na kwenye treni ya SGR usitegemee sana. Madirisha hayafunguki, na kioo kinaharibu ukali wa picha hata ukikigusisha lenzi.

Kiongeza urefu cha 1.4, kile kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, kinaingia, na 400 inakuwa 560, lakini uwazi unashuka hadi f/11. Kwa mwanga wa asubuhi sioni faida yake. Kukata picha kwenye kompyuta kunanitosha, maana R7 ina megapikseli 32.5.

Kwa wenzangu wa Pwani, unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Yangu hulala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika, na vikishiba unyevu nabadilisha. Ukitoka kwenye chumba cha AC, iache ndani ya mkoba mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kitajaa ukungu. Na ukinunua iliyotumika, mulika tochi upande wa nyuma huku ukichungulia kwa mbele: ukiona vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia bei.