Tahadhari: kuna wanaouza diski kuu zilizochoka kwa jina la mpya

Wakuu, nimepigwa, na ninaandika ili asipigwe mwingine. Kuna wauzaji mtandaoni wanaosafisha diski kuu zilizochakaa na kuziuza kama mpya, na ushahidi wanaokuonyesha unaridhisha kabisa kama hujui unachokitazama.

Wa kwangu alinitumia video. Diski imechomekwa, anaendesha chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), haijapita dakika mbili Windows inasema haijaona tatizo. Nikalipa. Kumbe chkdsk ikiendeshwa hivyo tupu hukagua mpangilio wa faili tu. Haipiti juu ya diski nzima kuona kama inasomeka. Ili isome sekta moja moja (vile vipande vidogo vinavyohifadhi data) lazima uiongezee /r, na kwa diski ya TB 2 hiyo ni kazi ya saa nyingi.

Akanionyesha pia CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski: rangi ya bluu, yaani nzima, saa 4 za matumizi. Hesabu hiyo inafutika jamani! Mwanzoni mwa 2025 zilinaswa Ulaya diski za Seagate zilizokwishatumika maelfu ya saa, zikiuzwa kama mpya baada ya kumbukumbu za SMART (rekodi za afya na matumizi ambazo diski hujiwekea) kurudishwa sifuri. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu ya pili iliyomo kwenye diski hizo, FARM, ambayo haikuguswa. Ukiwa na smartctl (programu ya kuandika amri inayosoma rekodi hizo) toleo la 7.4 au jipya zaidi, andika smartctl -l farm ikifuatiwa na jina la diski, ulinganishe saa zake na zile za SMART.

Siku ya tatu nilikuwa nahamishia picha za marehemu mama. Mstari wa kuonyesha uhamishaji ukagota. Nikasikia tik, kimya, tik, tik, kama kucha inayogonga bati. Nilikuwa nimekata na kubandika badala ya kunakili, kwa hiyo zilizokwishapita zilikuwa zimefutika zilikotoka. Nyingi hazifunguki mpaka leo.

Nilipofungua CrystalDiskInfo tena, bluu ilikuwa njano na C5 imepanda kutoka 0 hadi 30. (Angalieni: programu hiyo huandika tarakimu hizo kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo 30 hiyo ni sekta 48.) C5 ni sekta zilizoshindwa kusomeka na zinasubiri kuamuliwa. Ukiandika sifuri diski nzima, kila moja ama inapona kwa muda ama inabadilishwa na sekta ya akiba na kuhesabiwa kwenye 05, mstari wa sekta zilizobadilishwa. Ndiyo maana muuzaji akifuta diski yote asubuhi, mchana C5 inasoma 0 bila wasiwasi. Siku chache za matumizi zinairudisha.

Basi kabla ya kulipa, soma siriali namba kwenye lebo, kisha soma inayotolewa na smartctl -i. Zangu hazikufanana, na sikuwa nimeangalia. Diski ikiwa ndani ya boksi la USB na SMART haionekani, itolewe, ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wa SATA. Halafu iendeshwe smartctl -t long (jaribio refu la diski nzima) mpaka mwisho, au badblocks -sv, amri ya kusoma diski yote, kwa mwenye Linux. Kwenye badblocks msiweke -w kama kuna kitu ndani, hiyo inafuta kila kitu.

Wangu nilimwomba arudishe pesa. Akasoma ujumbe, akanifungia. Tangazo bado lipo hewani, video ni ileile ya dakika mbili.