Kamshafti au silinda kubwa: nguvu ya chini ya kruza itoke wapi?

Pikipiki nzito ya safari (kruza) ikisuasua kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, ubishi huwa uleule: ubadilishe kamshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga valvu, au uongeze ukubwa wa silinda? Tuchukue injini ya Harley-Davidson Twin Cam 88.

Kwa gharama, kamshafti inashinda waziwazi: unafungua ubavu wa injini, silinda haziguswi. Chagua inayofunga valvu ya kuingiza hewa mapema. Kwenye mzunguko mdogo hewa hairudishwi nje, mgandamizo unapanda, torki (nguvu ya kuzungusha) inakuja chini unakoihitaji. Ila kwenye mzunguko mkubwa injini itaishiwa pumzi mapema. Ukiwa humo ndani, tafadhali kagua vikaza mnyororo wa kamshafti. Kwenye injini za miaka ya mwanzo, viatu vyake vya plastiki huliwa, na vipande vikiingia kwenye oili, pampu iko hatarini.

Silinda kubwa, kutoka ujazo wa cc 1,450 hadi 1,550, huongeza torki kote. Lakini joto hupanda, klachi hubeba zaidi, na fundi lazima apime nafasi ya pistoni kwa maikromita. Njia zote mbili zinadai kiasi cha petroli kinachoingia kwenye injini kipangwe upya.

Unasafiri na abiria na mizigo kwa mwendo wa wastani? Kamshafti inatosha. Pistoni zimechoka na injini itafunguliwa hata hivyo? Ongeza ujazo.