Uzoefu wangu: kunoa usomaji wa Kiingereza kwa vifungu vya sayansi, elimu na kazi vya IELTS

Niseme mapema kwa faida ya asiye na muda: kati ya njia zote nilizojaribu za kuinua usomaji wangu wa Kiingereza, hakuna iliyonisaidia kama vifungu vya ufahamu vya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, vile vinavyohusu sayansi, elimu na mambo ya kazini. Ninavipendekeza hata kwa mtu ambaye hana mpango wa kufanya mtihani wenyewe. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja hapa Mwanza. Nilijiandaa na IELTS ya Academic kwa ajili ya maombi ya shahada ya uzamili, na mtihani ulipopita sikuviacha vifungu. Mpaka leo nasoma kimoja kimoja zamu ya usiku ikitulia.

Naandika hasa kwa wenzangu tuliopitia shule za serikali: Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, halafu ukifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Aliyepita njia hiyo anaweza kutaja sehemu za seli kwa Kiingereza bila kusita, akaandika ripoti ya kazini, akajaza fomu yoyote. Lakini mpe makala ndefu asiyowahi kuiona, kuhusu jambo lisilo la fani yake, uone kama hatachoka aya ya tatu. Wala si suala la akili. Tulisoma Kiingereza ili tukumbuke: nukuu za ubaoni, fasili, maswali ya mitihani ya taifa (NECTA) ya miaka iliyopita. Kusoma kwa kumfuata mwandishi, ukajua anadai nini, ushahidi wake uko wapi, na wapi anamnukuu mtu asiyekubaliana naye, ni kazi nyingine kabisa, na shuleni haikupewa muda wake.

Kwa asiyeujua mtihani: sehemu ya kusoma ina dakika 60, vifungu 3 na maswali 40. Kwenye Academic vifungu vyote vitatu kwa jumla vina maneno kati ya 2,150 na 2,750, vimetolewa kwenye vitabu, majarida na magazeti, na vimekusudiwa msomaji wa kawaida, si bingwa wa fani. General Training, aina ya pili ya mtihani huu, ina muda uleule na maswali idadi ileile, ila sehemu ya kwanza ni matangazo na maelezo ya maisha ya kila siku, ya pili ni maandishi ya kazini, ya tatu ni makala moja ndefu. Mwenzangu wa mazoezi, dada mmoja muuguzi anayejiandaa kwenda Canada, alikuwa anafanya General. Tuliamua kila mmoja asome na vya mwenzake, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu aina hizi mbili zinafundisha mambo tofauti.

Hatukuanza na vifungu vya mtihani. Tulianza na tovuti ya LearnEnglish ya British Council, ambayo ni ya bure. Sehemu yake ya kusoma imepangwa kwa ngazi kuanzia A1, ya wanaoanza, hadi C1, ya waliobobea. Kila somo lina zoezi dogo la maneno kabla ya kusoma, kisha kifungu, kisha maswali yenye majibu. Hilo zoezi la mwanzo lisirukwe. Linakupa maneno machache ambayo ukiyakosa kifungu kizima kinakugomea, halafu mengine wanakuachia uyang'amue mwenyewe. Tukajipima, tukaanzia B1, tukapanda B2 tulipoona tunamaliza kifungu bila kurudi nyuma kila mstari.

Sasa nije kwenye sayansi, ambako ndiko nilikonufaika zaidi. Mojawapo ya vifungu tulivyovifanyia kazi kilihusu ndizi. Kilieleza jinsi aina ya Gros Michel ilivyotawala biashara ya dunia mpaka miaka ya 1950, ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu, ukaimaliza, wakulima wakahamia Cavendish iliyostahimili ugonjwa ule. Sasa kuna aina mpya ya kuvu hiyo, TR4, inayoiua Cavendish pia, na kwa kuwa migomba ya Cavendish hupandwa kwa machipukizi ya mmea uleule, yote ina vinasaba vilevile: kinachoua mmoja kinaweza kuua wote. Mimi ni mtu wa Bukoba. Nimekulia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba. Ndizi nazijua kabla ya kujua kusoma.

Tulikuwa na desturi ya kutungiana maswali ya ziada, kwa mtindo wa mtihani: Kweli, Si kweli, au Haijatajwa. Yule dada muuguzi akanitungia sentensi moja, kwamba ugonjwa huo husambazwa na panga za wakulima. Nikamjibu bila kufikiri, "Kweli."

"Kaka, umeisoma wapi?"

"Kwetu kila mtu anajua. Panga ukikatia mgomba mgonjwa, hulipeleki kwenye mzima."

"Nioneshe mstari."

Mstari haukuwepo. Nililokuwa nalijua ni la mnyauko, ambao ni ugonjwa wa bakteria. Huo ndio uliowafanya wakulima wa Kagera wafundishwe kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Kifungu kilikuwa kinasema habari ya kuvu wa kwenye udongo, na kuhusu panga kilikuwa kimya. Jibu ni Haijatajwa. Tangu hapo "nioneshe mstari" ikawa sheria ya meza yetu, na kwa maoni yangu katika maneno hayo mawili kuna nusu ya mafunzo yote ya ufahamu.

Kazini kwangu jambo hili nalijua kwa sura nyingine. Mgonjwa analetwa na homa kali, ni msimu wa mvua, daktari ameshaandika anachoshuku, lakini kwenye slaidi unaripoti ulichokiona, si ulichotarajia kukiona. Na huandiki kwamba hakuna vimelea vya malaria mpaka umepitia nyuga (sehemu zinazoonekana kwenye darubini) zisizopungua 100. Haijatajwa inadai uvumilivu wa namna hiyo: huwezi kulisema mpaka umehakikisha kweli halipo. Si kweli inahitaji mstari unaopinga. Watu wengi ninaowaona wanapoteza alama hapa hawana tatizo la msamiati hata kidogo.

Vifungu vya sayansi vina wema mmoja ambao anayeanza haujui. Neno gumu la kitaalamu karibu kila mara huelezwa palepale, kwenye sentensi ileile au inayofuata, kwa sababu msomaji aliyekusudiwa si mtaalamu. Kwa hiyo usikimbilie kamusi. Soma mpaka mwisho wa aya kwanza. Maneno ya kweli ya kuyachunga ni madogo: yanayosema "huenda", "kwa kiasi kikubwa", "isipokuwa". Mtunga swali huyaondoa hayo kwa makusudi, sentensi ikabaki inafanana na ya kifungu huku imebeba madai mazito kuliko aliyoyatoa mwandishi.

Vya kazini nilividharau mwanzoni kwa sura yake: matangazo ya nafasi, kanuni za usalama, mikataba, taratibu za likizo. Havina hadithi. Lakini ndivyo vyenye faida ya haraka mfukoni. Chukulia likizo ya mwaka. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo, yaani Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Uingereza sheria inatoa wiki 5.6, ambazo kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki ni siku 28, ila hizo ni siku za kazi, na mwajiri anaruhusiwa kuhesabu sikukuu za kitaifa ndani yake. Namba ni moja, mapumziko si sawa. Mtu anayesoma mkataba kwa kutafuta namba tu atasaini asichokielewa. Maswali ya sehemu hii ya General yanakulazimisha kusoma masharti yanayoizunguka namba: nani anahusika, baada ya muda gani wa majaribio, kwa taarifa ya siku ngapi. Kwa wauguzi, walimu na mafundi wetu wanaoomba kazi nje, hili linahusu maisha yao moja kwa moja.

Vya elimu sitavisemea sana. Kwangu vilikuwa rahisi kuingia na vigumu kumaliza, maana vimejaa maoni. Mwandishi anaanza kwa kueleza hoja ya watu wengine kwa ukarimu kiasi kwamba unadhani ni yake, aya mbili baadaye anaibomoa. Ndiyo maana mtihani una aina ya swali inayouliza kama dai linalingana na maoni ya mwandishi, tofauti na ile inayouliza kuhusu ukweli wa taarifa. Hapa pia hutokea sana zoezi la kuchagua kichwa cha kila aya, na vichwa vinavyotolewa ni vingi kuliko aya. Ushauri wangu: soma aya, ifunike kwa mkono, iseme kwa Kiswahili kwa sentensi moja, ndipo uangalie orodha. Ukiangalia orodha kwanza utavutwa na neno linalofanana.

Kuhusu fedha. Nililipia programu moja ya simu ya mazoezi ya kusoma, sitaitaja jina. Sikuridhika. Vifungu vilikuwa vifupi mno, majibu yalipatikana kwa kulinganisha maneno ya swali na ya kifungu, na pale jibu lao lilipopingana na kifungu hakukuwa na maelezo wala mtu wa kumuuliza. Kibaya zaidi, malipo yalijirudia yenyewe mwezi uliofuata. Kama unataka kulipia kitu, tafuta vitabu vya majaribio vinavyotolewa na Cambridge, ambao ni miongoni mwa wamiliki wa mtihani. Kila kitabu kina majaribio manne kamili, na ugumu wake ndio ugumu utakaokutana nao. Vinakuja na majibu, ila usitegemee kuelezwa kwa kina sababu ya kila jibu, na hapo ndipo mwenza wa kusoma anapohitajika. Jibu lisilo na mstari wa kulithibitisha halijamfundisha mtu kitu.

Mkijipimia alama, zingatieni kwamba viwango vya ubadilishaji havifanani. Kwa kawaida majibu sahihi 30 kati ya 40 ni daraja la 7 kwenye Academic, lakini kwenye General ni daraja la 6, kwa kuwa vifungu vya General huhesabiwa kuwa vyepesi zaidi. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache pengo. Ukiambiwa maneno yasiyozidi mawili, matatu ni kosa hata kama maana ni sahihi, na herufi zikikosewa unakosa.

Lipo jambo moja linalopungua kwenye mazoezi haya yote, nalo ni sisi wenyewe. Unasoma sana habari za miji na viwanda vya mbali. Ziwa Victoria, malaria, mihogo, shule zenye watoto wengi darasani, ni nadra kuviona. Nilijaziliza kwa The Conversation Africa, tovuti iliyoanza mwaka 2015, ambako watafiti wa vyuo vikuu huandika wenyewe kuhusu kazi zao kwa lugha nyepesi, bila malipo. Urefu wa makala zake unakaribia urefu wa vifungu vya mtihani, na nyingi zina hoja moja inayoeleweka. Tunachagua makala, kila mmoja anamtungia mwenzake maswali matano, tunabadilishana. Kutunga swali la Haijatajwa lililo la haki ni kugumu kuliko kulijibu, na ukishajua linavyotungwa huwezi kunaswa kirahisi.

La mwisho ni la vitendo. Nilipojiandaa mimi, IELTS ilifanyika kwa kompyuta au kwa karatasi, kutegemea kituo. Ukishajua utafanya ipi, fanya mazoezi kwa hiyo hiyo. Mimi niliprinti vifungu steshenari kwa miezi, nikachora na kupigia mistari, na hiyo ilikuwa sawa kwa kujifunza. Lakini kwenye kompyuta kifungu kinakaa upande mmoja wa skrini na maswali upande mwingine, unapigia rangi kwa kipanya, na macho yanachoka mapema zaidi. Kwa wiki za mwisho niliomba kutumia kompyuta ya ofisini baada ya saa za kazi, nikafungua majaribio ya bure ya kwenye tovuti rasmi ya IELTS, nikaweka saa mezani na kuzima simu. Asiye na kompyuta ajaribu maktaba ya chuo au ya mkoa. Kwenye simu, kifungu chenye maswali 13 kinakufanya upande na kushuka mpaka unasahau ulichokuwa unatafuta.